Mlango wa Nne: Miaka 35 ya Mama Shamimu

Tarehe 30 Juni 2009, Bi Mwamina Adinani, muuguzi mkunga wa zahanati yetu, anakabidhi funguo za kabati baada ya miaka thelathini na mitano ya utumishi. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Shamimu. Mimi nimefanya naye kazi miaka kumi na sita, na kwa miaka hiyohiyo nimegombezwa naye kwa sababu ya mwandiko wangu. Hata wasifu huu ameusoma kwanza, akanirudishia niunakili upya.

Alizaliwa Ruponda, akaajiriwa Julai 1974 na kupangiwa upande wa Ruangwa. Mwaka 1993 alihamia kwetu Nachingwea na watoto wanne, jembe, na baiskeli ya Foniksi ambayo mpaka leo haina breki ya nyuma. Anasimamisha kwa kandambili.

Miaka ile ya tisini haina cha kushangilia, na yeye mwenyewe amenitaka niseme hivyo. Akina mama walijifungua salama mikononi mwake, watoto wakalia vizuri, wakanyonya vizuri. Ikifika miezi tisa, siku ya chanjo ya surua, baadhi yao hawaletwi tena, wamekwisha kuzikwa. Mama Shamimu alikuwa akiweka nukta ya penseli kando ya majina yao kwenye rejista. Tulijua ni ugonjwa gani. Kipimo hatuna, dawa hatuna. Mwaka 1998 nukta zilifika ishirini na tatu, na siku alipozihesabu alinifokea bila kosa.

Mwaka 2005 vipimo na dawa vikafika. Mama mjamzito mwenye virusi vya UKIMWI alipewa kidonge kimoja akimeze uchungu unapoanza, na mtoto apewe dawa ya maji kabla ya saa sabini na mbili kwisha tangu azaliwe. Mama Shamimu alifurahi mno, na kwa furaha hiyo akakosea. Alipanda baiskeli akawa anawafuata majumbani wale waliopimwa na kukutwa na virusi, hao tu. Kijiji kina macho. Haikupita miezi miwili, watu wakiiona Foniksi imeegeshwa mlangoni, wanasema nyumba ile imeguswa. Mama mmoja alifukuzwa na mumewe. Wengine wakaacha kuja kliniki.

Mmoja wao, nitakayemwita Fatma, ameniruhusu nieleze yake mradi nisitaje jina lake wala kijiji chake. Alikuwa na mimba ya miezi minane na mumewe hajui kwamba ana virusi. Alipoiona baiskeli inakata kona kuelekea kwake, kesho yake alifunga virago akaenda kwenye shamba la ufuta la wakwe zake, ng'ambo ya mto. Kidonge chake alikifunga kwenye pindo la kanga.

Jumatano moja ya Februari 2006, asubuhi, muuza dagaa alitutajia katika mazungumzo tu kwamba fulani kapata mtoto alfajiri ya Jumatatu, kule kule shambani. Mama Shamimu alihesabu kwa vidole. Mwisho wa dawa ulikuwa alfajiri ya Alhamisi. Mto umejaa, na mila ya huku kila mtu anaijua: mpaka kitovu kidondoke mtoto hatolewi nje, wala mgeni haingii. Tena hakuwa na ruhusa ya kumwambia mtu yeyote anakimbilia nini.

Baiskeli aliiacha ukutani. Alivua gauni jeupe, akajifunga kanga, akabeba mizani na kiboksi cha baridi chenye matone ya polio. Dawa ya mtoto aliifunga kwenye leso. Mimi nilibaki na wagonjwa na saa ya ukutani. Niliogopa, nakiri, na sikumbuki nilimwandikia nani nini siku ile.

Alifika saa nane mchana, kanga imelowa mpaka kifuani. Mama mkwe wa Fatma alikuwa ameketi mlangoni akichambua kisamvu. Mama Shamimu alijua akiomba kuingia pale moja kwa moja, itakuwa ni ile baiskeli tena. Akamsalimu, akapita.

Akaenda nyumba ya kwanza yenye mtoto mchanga, akapima uzito, akatoa matone. Akaenda ya pili. Nyumba ya tatu ilikuwa na mapacha, na wenyewe wakamkaribisha chai. Aliketi akanywa. Jua likaanza kushuka. Ndipo mama mkwe alipomfuata kwa miguu yake.

"Wa kwetu mbona humpimi?" aliuliza. "Au siye si watu?"

Mama Shamimu alijibu kwamba amesikia kitovu bado, naye hakutaka kuvunja mila ya watu. Bibi yule alifikiri kidogo. Akaamua kwamba mila inamkataza mtoto kutoka, na mtoto hatoki. Nesi ndiye atakayeingia, anawe miguu tu.

Ndani walisalimiana. Fatma alilishika pindo la kanga yake, akalifungua. Lilikuwa tupu, kidonge alikuwa amekimeza. Mtoto akapata matone ya polio, kisha dawa yake, mbele ya bibi yake aliyekuwa akimsifia sauti.

Tangu siku ile Mama Shamimu hakuruka mlango wenye mtoto mchanga. Bi Mwanaima, mkunga wa jadi wa Kiegei, aliwakusanya wenzake kumi, wakakubali kutuletea habari ya kila mtoto siku ileile anayozaliwa. Msikitini wakatangaza, kanisani wakatangaza. Foniksi ikaegeshwa kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa imamu, kwa katekista, na kwa binti yangu mwenyewe. Wanaosema watu wakachoka kubahatisha, na akina mama wakarudi kliniki.

Agosti 2007 Fatma alimleta mtoto kupimwa. Jibu lilichukua dakika kumi na tano. Mtoto alikutwa hana virusi. Mama Shamimu alitoa jibu kwa sauti yake ya kila siku, akatoka kunawa mikono, akarudi, akatoka kunawa tena. Rejista ya tangu Februari ile ina nukta tatu. Kwake tatu ni nyingi, na amemwonyesha Sista Scholastika, anayepokea funguo, kila moja ilipo.

Jumamosi watoto wa Marambo, Kiegei na Ruponda watakuja kumwimbia. Nawaomba wageni wasianze kuwatazama usoni wakikisia ni yupi. Yeye atawashika mkono wote, mmoja mmoja.

Mama Shamimu, ahsante kwa miguu yako. Tunakuombea uzima, mvua ya kutosha na korosho nyingi huko Ruponda. Baiskeli tumekuwekea breki, ni yako. Iegeshe mlangoni mwako, mchana kweupe, na hakuna atakayeuliza ndani kuna nini.

Filbert Stefano, tabibu