Mama Vumbi na Mwanga Uliokataa Kugeuka

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Vumbi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha kutazama nyota. Wasomi walipotafuta wa kumwandikia wasifu waliniangukia mimi dereva, eti ndimi niliyemsikiliza zaidi. Kusikiliza nilisikiliza, kuelewa ni habari nyingine.

Alikuja kuichunguza nyota moja nyekundu. Wanaiita nyota baridi, ingawa ukiisogelea utakuwa majivu hujamaliza kubisha hodi. Imezungukwa na wingu la vumbi, ndipo naye akapata jina. Alitufundisha kwamba mwanga hutikisika kila upande, lakini ukigonga vumbi na kudunda, hubaki ukitikisika zaidi upande mmoja; huko kuelemea ndiko alikokuita upogo. Nilipokodoa macho, akanivalisha miwani yake ya jua, ile inayopitisha mtikisiko wa upande mmoja tu, akanitaka niitazame lami iliyolowa huku nikilaza kichwa. Loo, mng'ao ukawa unakuja na kupotea! Wiki nzima niliendesha gari shingo upande, mpaka Mkuu wa kituo akadhani nimechoka kazi.

Huyo Mkuu ndiye aliyekuwa mwiba wake. Kila kikao alimtania: Mama wee, huo upogo si wa nyota, ni wa kamera yako. Mama alicheka, ila chai yake ilipoa bila kuguswa. Kama Mkuu alisema kweli, basi ujana wake wote uliishia kwenye kasoro ya chombo. Nyumbani nako mumewe alinung'unika kwamba vumbi la mbinguni analijua, la juu ya kabati halioni.

Mwezi uliopita akamaliza ubishi. Aliifungua kamera, akaigeuza robo mzunguko, akapima upya. Upogo ukigeuka pamoja na kamera, kosa ni la kamera. Ukibaki palepale, ni wa nyota. Asubuhi tulimkuta Mkuu mbele ya kompyuta, anazikagua namba kwa mara ya tatu. Upogo haukugeuka hata chembe.

Tulipiga makofi. Mama akashika kichwa: sasa mbona upogo umelalia upande tofauti na wa mwaka jana? Nani kalihamisha vumbi?

Asante, Mama yetu. Ulitukuta hatuelewi, unatuacha hatuelewi, ila sasa tuna hakika kwamba kisichoeleweka kiko huko juu, si kwenye kamera yetu. Pumzika kwa raha, afya ikuandame. Na ukimjua aliyelihamisha vumbi, tupigie simu. Safari hii Mkuu ameahidi hatabisha.