Toakase, Wifi Aliyenipokonya Mama

Mchungaji, wazee, ndugu zetu wa Ha'ano na majirani wote wa Pangai, mimi ni Sulieti, dada wa Penisimani aliyefiwa na mkewe, na familia imeniomba nisome historia hii, ingawa wengi wenu mnajua nilivyomwonea wivu marehemu, na sitajifanya leo kwamba hamjui.

Wifi yangu Toakase Lolohea alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kisiwani Ha'ano, akasoma shule ya msingi huko huko na sekondari mji mkuu, Nuku'alofa, na kuanzia Februari 1981 akawa karani wa posta hapa Pangai, ambako watu walipanga foleni dirishani kwake hata wasio na barua.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na kaka yangu, akahamia nyumbani kwetu, na mwaka haukuisha kabla mama yetu mzazi, Lupe, hajampa nafasi yangu ya kusuka mikeka ubavuni pake. Mungu aliwajalia watoto wanne, wote nikawapa majina mimi, kwa kuwa ndiyo haki ya shangazi, na kwa kijicho sikuchagua hata jina moja la kwao Ha'ano, naye akawaita kwa majina hayo kwa sauti tamu mpaka nikaona haya.

Mama alipougua mwaka 2006 nilitoka visiwa vya Vava'u, nilikokuwa nikiishi, kuja kumwuguza, nikashika beseni, akasema mbele za watu, "Mwachie Toakase aniogeshe, wewe Sulieti mikono yako ina haraka." Nikaenda kulia nyuma ya nyumba, marehemu akanifuata na sahani ya viazi vikuu na samaki, akaniambia, "Kula, wifi, wivu haushibishi," nikala kwa hasira, nikamaliza, na Juni mwaka huo Mama akafa ameshika mkono wa Toakase, si wangu.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kisukari mwaka 2017, baadaye figo, akafariki Jumatano tarehe 9 Agosti 2023 hospitalini Nuku'alofa.

Jana nilipojifunga kiunoni mkeka huu mkubwa wa maombolezo uliochakaa, wanaouvaa wake wa kaka zetu wakipika msibani, binamu yangu Fusi alinivuta kando, "We Sulieti, umechanganyikiwa? Shangazi mtu yuko juu ya wake wa kaka zake, vaa mkeka mzuri!" Nikamjibu, "Niache. Huyu alikuwa juu yangu karibu miaka thelathini na tisa, ni mimi tu niliyekataa kumwona."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani walioleta nguruwe na kuchimba mashimo ya kuokea, na wenzake wa posta waliofunga dirisha ili wamsindikize.

Pumzika kwa amani, wifi yangu, umenitangulia tena kwa Mama, na hata sasa naona wivu.