Bi Mabano Anakabidhi Funguo

Leo, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili, mnakili wa nota wa bendi yetu anafunga kabati la chumba namba tatu na kukabidhi funguo. Jina lake kamili limo kwenye faili la ofisi. Sisi tunamwita Bi Mabano, naye huitika.

Alianza kwa aibu, na husimulia mwenyewe. Katika onyesho lake la kwanza kulikuwa na kipande cha hiari, yaani kinachoweza kurukwa, na tulikubaliana kukiruka. Alikizungushia penseli nyekundu. Wapiga filimbi walipata karatasi halisi alizoziandika. Sisi wa tarumbeta tulipewa fotokopi, na ile alama nyekundu haikutoka. Filimbi wakaruka, sisi tukapiga, wimbo ukaisha mara mbili. Mgeni rasmi, muungwana wa watu, akapiga makofi mara zote mbili.

Tangu hapo ni wino mweusi tu: bano mwanzoni, bano mwishoni, neno HIARI juu, na mshale wa kuonyesha pa kuendelea. Siku moja kabla ya onyesho hupita kiti kwa kiti, kila mtu aweke kidole pale atakapoingia tena. Hata kiongozi wa bendi huweka chake, tena bila ubishi. Tulikuwa tukimtania kwamba hata orodha yake ya sokoni ina mabano. Siku moja tuliiona. Inayo.

Ninayeandika haya ni mpiga tarumbeta. Miaka sita iliyopita kifua kiliniangusha, daktari akanikataza sauti za juu. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikampa Bi Mabano aipeleke ofisini. Jumatatu nikakuta nyimbo kumi na nne zimenakiliwa upya kwa mkono. Kila penye kunimaliza pumzi pana mabano, na filimbi wamepewa sauti ileile waishike nikiruka. Aliniuliza tu kama mwandiko unasomeka. Barua yangu amenirudishia juzi, haijafunguliwa.

Ahsante, dada yetu. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wanaokusikiliza kuliko tulivyokusikiliza sisi.

Sasa kaa kiti cha mbele. Wimbo wa kukuaga una kipande cha juu cha tarumbeta, na umekiwekea mabano kama kawaida yako. Daktari ameniruhusu, kwa hiyo leo siruki. Pumzi ikiniishia, filimbi wanajua pa kuingia.