Kovu la Rangi Lililonifikisha Kizimbani

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa Kinoo! Mchungaji ameniomba nieleze jinsi Mungu alivyoniokoa na kitanzi. Nitaeleza kwa utaratibu, wala sitatia chumvi.

Baadhi yenu mliniona kwenye sinema kabla ya kuniona kanisani. Mwanzoni mwa miaka hii ya sabini nilikuwa mwigizaji katika zile filamu za ujambazi zilizopigwa mitaa ya chini mjini Nairobi. Sikuwa nyota. Nilikuwa yule jambazi wa pembeni mwenye kovu shavuni, anayesema maneno machache na kuuawa kabla picha haijaisha. Lakini vijana walinishangilia kuliko nyota mwenyewe. Nikiingia baa kule Hurlingham, mtu alipaza sauti: "Mpeni Kovu kiti, jamani, kabla hajatumaliza!" Watu walicheka, nami nikazidi kukunja uso. Ndugu zangu, nilifurahia kuogopwa!

Hakuna aliyenifundisha kuigiza. Nilijifunza mwenyewe. Nilikaa kituo cha basi nikitazama wahuni wanavyosimama na wanavyotema mate, kisha nikajaribu nyumbani kwangu Kawangware. Nilibisha hodi kwa sauti isiyo yangu, nikaingia kwa kishindo, nikatazama nyuso za mke wangu Rasoa na watoto wetu wawili. Wakipiga mayowe, nilijua nimepatia. Rasoa aliniambia, "Baba Ayub, sisi tuache. Nenda ukawatishe wanaokulipa." Nilimcheka. Laiti ningemsikiliza!

Sasa sikieni tulivyofanya kazi. Mwongozaji wetu hakupenda umati wa kukodi. Alificha kamera ndani ya gari lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, nami, nikiwa nimebandikwa kovu la gundi na rangi, nikampokonya mkoba mwigizaji mwenzangu mbele ya watu wasiojua lolote. Watu walipoanza kupiga kelele za "Mwizi!", nilikimbia hadi kona ya pili, ambako gari lilinisubiri. Hatukuwahi kurudi kuwaambia kuwa ulikuwa mchezo. Hilo halikutujia hata akilini.

Siku moja tulifanya hivyo mlangoni pa duka la vitambaa la Mzee Swaleh, Mwislamu kutoka Lamu ambaye hakuwa mtu wa sinema. Majuma machache baadaye, majambazi waliofunika nyuso walivamia duka hilo wakati wa kufunga, wakampiga mpwa wake kwa nondo. Mimi sikuwa na habari. Nilipita pale kumnunulia Rasoa kitambaa cha gauni, mzee akaniona, akapiga kelele: "Ndiye huyu! Alimwibia mama wa watu hapa hapa, kisha akaja na wenzake!"

Kituoni nilijieleza. Askari mmoja alicheka hadi machozi. "Tunakujua, Kovu. Umefanya mazoezi ya kutosha, sasa umeamua kuanza kazi yenyewe." Mwongozaji alikuwa amesafiri nje na picha zake. Wenzangu wa filamu waliogopa, hakuna aliyejitokeza. Nikashtakiwa kwa wizi wa mabavu, na sheria ilikuwa imeshabadilishwa: adhabu yake ni kunyongwa.

Rumande, ndugu zangu, nilipiga magoti. Lakini kila nilipofungua kinywa kuomba, niliisikia sauti ya filamu. Hata kilio changu kilikuwa cha kuigiza! Niliona aibu mbele za Mungu. Mwishowe nikasema tu, "Bwana, sina sauti yangu mwenyewe. Nisaidie hivyo hivyo." Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipookoka, kwenye ule ukimya, bila mhubiri.

Rasoa alikuja mara moja tu. Nilimwambia sikufanya. Akasema, "Nimeona jinsi unavyoingia mlangoni. Ningeapa nini?" Akaondoka.

Sikuwa na wakili. Mzee Swaleh alipomaliza kutoa ushahidi, hakimu aliniuliza kama nina swali. Nilisimama, nikauliza, "Mzee, yule uliyemwona akipokonya mkoba alikuwa na alama gani?"

"Kovu. Shavu la kushoto, kutoka hapa hadi hapa. Bichi."

Nikaomba anitazame kwa karibu. Alivaa miwani, akanisogelea mpaka nikaisikia pumzi yake. Akalitazama shavu, akalitazama tena. Kisha akamgeukia hakimu.

"Bwana mkubwa, nimeapa kwa Mwenyezi Mungu. Kovu nililiona, na huyu hana. Na waliotuvamia walifunika nyuso, mimi ndiye niliyeunganisha mambo. Shingo ya mtu siwezi kuibeba."

Kiongozi wa mashtaka alimkaripia. Mzee hakurudi nyuma. Nikaachiliwa! Mungu alinitoa kwa kinywa cha yule yule aliyenishtaki, mzee wa watu asiyeingia kanisani. Msifuni!

Nje ya korti nilimweleza habari za kamera. Alitikisa kichwa. "Mwanangu, mngerudi siku ile mkaniambia ni mchezo, ningewapa chai tukacheka."

Filamu niliziacha. Sasa natengeneza viti. Rasoa anafanya kazi katika nyumba moja Kileleshwa na anaishi huko na watoto. Nilipokwenda, alisimama ndani ya geti, akasema kwa upole, "Naamini hukuiba. Lakini ukibisha, watoto bado wanajificha." Kwa hiyo sibishi. Kila Jumapili baada ya ibada nasimama ng'ambo ya barabara, mahali wanapoweza kuniona vizuri, kisha naondoka. Jumapili iliyopita mdogo alinipungia mkono.

Ndugu yangu, kama nyumbani kwako wanakuogopa, usingoje hakimu akuulize. Mjie Kristo leo, ukiwa na sauti uliyo nayo. Yeye alinipokea nikiwa sina hata moja. Asante Yesu! Nanyi mnaoomba, mtajeni Rasoa kwa jina.