Marehemu Gasto Mughwai, Aliyefunza Mbwa kwa Kopo la Ugoro

Marehemu Mzee Gasto Mughwai alizaliwa Mungaa tarehe 3 Machi 1919, mwaka wa njaa, akaanza kuchoka mapema. Alisoma kwa katekista hadi darasa la pili, mbuzi wa baba yake wakamhitaji zaidi. Mwaka 1946 alimwoa Kristina Alute, aliyeketi hapa mbele. Tukikosea atatusahihisha, kama alivyomsahihisha marehemu.

Alilima mtama, alichunga, na alifunza mbwa bila fimbo. Mbwa akikaa alipoambiwa, au akimrudisha mbuzi kundini, marehemu alibana kifuniko cha kopo lake la ugoro, ta! Kisha akampa kipande cha utumbo mkavu. Mbwa walielewa kwamba wakisikia ta, wamefanya vizuri na chakula kinakuja. Watoto wake walinung'unika kwamba wao walipata kiboko tu.

Mwaka 1974 familia ilihamishiwa kijiji cha Ujamaa, Sepuka. Nyumba zilibanana, mbwa wakala mayai ya majirani. Mwenyekiti, Ndugu Anselm, akatangaza kuwa mbwa asiye na kazi ni kupe, atapigwa risasi.

"Wangu wanafanya kazi," marehemu alisema.

"Tuonyeshe Jumamosi, mbele ya mgeni wa wilaya. Wakishindwa, bunduki ipo."

Jumamosi hiyo mbwa wake jike, Tutaona, alizungusha mbuzi vizuri kabisa. Lakini wazee wetu wakishamsalimu mgeni hutoa ugoro, na siku hiyo walifungua makopo kwa pamoja. Ta! Ta! Ta! Tutaona akawaacha mbuzi, akakaa mbele ya mzee wa kwanza akimtazama mikono, kisha wa pili, kisha wa tatu. Mbuzi wakaingia shamba la kijiji.

"Imekwisha," alisema Mwenyekiti. "Leteni bunduki."

Marehemu aliketi chini. "Nimechoka. Nipigeni na mimi."

"Wewe utapigwa ukishamaliza kupalilia," alijibu Kristina.

Mgeni alicheka hadi akafuta machozi. "Ndugu Mwenyekiti, katika mkutano huu nani mwingine ametulia akasubiri? Waacheni. Ila mzee huyu awafunze mbwa wa kijiji kizima."

Hivyo mbwa walipona, marehemu akapata kazi. Tangu hapo kila alfajiri mlangoni pake palikuwa na mtu na mbwa wake, na utumbo ulitoka kwenye mbuzi wa marehemu mwenyewe.

Kifua kilimwanza Mei 1976. Mwenyekiti alikuja kumtazama.

"Pole, mzee. Mbwa wangu bado hajui kukaa."

"Na wewe ulichukua muda gani, Anselm?" Akageukia ukutani. Alifariki nyumbani, Sepuka, tarehe 11 Septemba 1976.

Ameacha mjane, Kristina; watoto Nathanaeli, Marietha na Antipasi; dada yake Yunisi, na wajukuu. Mbwa hawakuandikwa kwa sababu Padre amekataa.

Bwana ampe usingizi wa amani, na mwenye mbwa asimwite tena.