Mkanda Ulioanikwa: Mpiga Picha Justus Masele, 1909–1958

Justus Masele alibatizwa katika Kanisa la Moravian, Ipole, Jumapili tarehe 9 Mei 1909. Wazazi wake walikuwa warina asali. Alisoma hapohapo katika shule ya misheni hadi darasa la nne, kisha akaja Tabora kupakia mizigo stesheni.

Mwaka 1934 aliajiriwa na mpiga picha mmoja wa Kihindi karibu na soko. Baadaye akafungua duka lake. Mkanda aliuweka kwenye kamera mikono ikiwa ndani ya kaniki mbili zilizoshonwa pamoja kuzuia mwanga, macho ameyafumba. Mteja akiuliza kwa nini anafumba, aliambiwa, "Nikitazama, vidole vinazubaa."

Alifunga ndoa na Tekla huko Usoke mwaka 1936. Mkewe alikataa kupigwa picha. "Maliza wateja kwanza, baba Marko," alikuwa akisema. Aprili 1951, akiwa mgonjwa kitandani, alikubali. Alijifunga kilemba mwenyewe, akaagiza ainuliwe: "Wasije wakadhani nililala tu." Marehemu Justus alipiga mkanda mzima, akaukunja katika karatasi yake na kuuweka koponi. Tekla alifariki kabla haujasafishwa.

Wanaume walipokuwa makaburini, wanawake walitoa vyombo vyote nje vipigwe jua, kama ilivyo desturi ya msiba. Kopo nalo lilifunguliwa. Marehemu aliporudi aliukuta mkanda umekunjuliwa juu ya mkeka. Dada yake, Bibi Nyamizi, ambaye ameruhusu haya yasomwe, alimwambia, "Kaka, humu wifi hayumo. Nimeutazama mpaka mwisho."

"Sasa hayumo kweli, dada," akajibu, akaketi mkekani. Hakuwa na wa kumlaumu, wala hakuna dawa ya kuondoa jua kwenye mkanda. Aliusafisha hata hivyo. Ulitoka mweusi wote. Picha nyingine ya Tekla hakuna.

Tangu Januari mwaka huu alisumbuliwa na kifua. Alifariki nyumbani, Jumamosi tarehe 14 Juni 1958.

Ameacha dada yake, watoto wawili, Marko na Getruda, na wajukuu watano. Bwana ampokee, apumzike.

Wakati wa mazishi, wanawake watatoa vyombo nje. Chumba cha giza, alimosafishia mikanda, kitabaki kimefungwa hadi treni ya Jumatano, itakayopeleka mikanda ya wateja Dodoma kusafishwa, kwa kuwa nyumbani hakuna anayejua.