Sauti ya Mbuke Chini ya Gitaa

Kijiwe chetu cha Nyasubi kipo mbele ya duka la Kanji: benchi moja, birika la kahawa juu ya mkaa, na watu wanaojua kila kitu, nami nikiwemo. Jioni ile Athanas alikuja na radio kaseti yake. Yeye ni Mfipa, alikuja huku kuchimba dhahabu akamwoa Mbuke wa hapahapa. Mbuke alifariki masika yale, na sauti yake imebaki kwenye kanda moja tu, ile aliyotupigia pale.

Athanas alitueleza walivyorekodi chumbani kwa radio mbili. Moja inapiga, nyingine inanasa, na wewe unaongeza chako juu. Mbuke alianza peke yake. Athanas akaongeza gitaa, kisha besi, kisha sauti yake mwenyewe, na kanda ya nyuma akaifuta ili aitumie tena. Kila alipoongeza kitu, mkewe alizidi kuzama.

— Nataka apande, alisema. Mimi nishuke.

Pantaleo, tunayemwita Injinia ingawa hajawahi kufungua hata tochi, alidakia.

— Ongeza trebo, ile sauti nyembamba. Wanawake wanakaa kwenye trebo.

Ikaongezeka mikwaruzo tu. Kanji akaingia dukani, akatoka na sufuria.

— Besi ndiyo imemkalia. Weka radio humu. Besi nzito, itabaki chini.

Sufuria ikavuma, Mbuke hatukumpata.

— Basi tuishushe kwenye shimo la mgodi, Injinia akasema. Gitaa litachoka njiani, sauti ya mtu itapanda yenyewe.

Tulicheka. Athanas hakucheka, na mimi nikaona aibu, nikajimiminia kahawa ambayo sikuitaka.

Mama mmoja muuza karanga, mgeni kutoka Kharumwa, alikuwa amesimama pembeni. Alitusalimia, akainamia sufuria, akasikiliza.

— Huyu ni Msukuma mwenzangu. Anaimba anasemaje?

Tukatazamana. Wasukuma tumejaa pale benchini, jioni nzima tumetafuta sauti, na hakuna aliyekuwa ameshika hata neno moja. Macho yote yakamwendea Athanas.

— Sijui, mama, alisema. Kisukuma sikijui. Nilimwambia atanieleza tukishamaliza kurekodi.